Maji yakishapungua, uvundo hubaki: namna ya kuuondoa nyumbani

Mafuriko huweza kuingia na kutoka ndani ya nyumba kwa saa chache tu. Harufu yake, hata hivyo, inaweza kukaa miezi kadhaa.

Wakazi wa Muscat wanalifahamu jambo hilo tangu kimbunga Gonu cha Juni 2007. Wenzao wa ukanda wa Al Batinah, kaskazini mwa Oman, walilipata fundisho hilo hilo kimbunga Shaheen kilipotua Oktoba 2021. Mwaka 2024 ikawa zamu ya wengine. Aprili 16 Umoja wa Falme za Kiarabu ulipata mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949, na katika eneo la Khatm Al Shakla, karibu na Al Ain, zilipimwa milimita 254 katika muda usiotimia saa 24. Mwezi huo huo mto Mathare jijini Nairobi ulifurika na kuzikumba nyumba za wakazi wa bonde lake.

Baada ya hapo mambo hufanana karibu kila mahali. Tope hutolewa, sakafu hupigwa deki, mapazia hufuliwa, na kwa desturi ya watu wa pwani udi na ubani hufukizwa chumba kwa chumba. Kwa siku 2 au 3 nyumba hunukia vizuri. Kisha milango inapofungwa usiku mmoja tu, uvundo hurejea kana kwamba haukuwahi kuondoka.

Sababu ni kwamba uvundo huo si uchafu uliosahauliwa kwenye pembe ya chumba. Ni dalili. Mahali unapotoka pana maji ambayo bado hayajakauka, na mara nyingi pana kitu kilicho hai kinachoyatumia maji hayo.

Pua inanusa nini hasa?

Harufu ya nyumba iliyolowa ni mchanganyiko wa harufu kadhaa, na kila moja ina chanzo chake.

Ile inayofanana na harufu ya ardhi baada ya mvua ya kwanza hutokana hasa na kemikali iitwayo jiosmini, ambayo hutengenezwa na bakteria wa udongoni na baadhi ya kuvu. Watafiti wa Marekani waliitambua na kuipa jina hilo mwaka 1965. Pua ya binadamu ni hodari mno wa kuinusa, kwani huitambua hata ikiwa ni sehemu chache tu kati ya trilioni. Ndiyo maana kijipande kidogo cha ubao uliolowa nyuma ya kabati chaweza kujaza harufu chumba kizima.

Harufu ya pili, ile ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi au ya uyoga, ni kazi ya kuvu, ambayo wengine huiita ukungu au koga. Kuvu inapokula mbao, karatasi, gundi na vumbi, hutoa gesi nyingi kwa pamoja, na gesi hizo ndizo tunazoziita uvundo.

Ya tatu ni harufu ya yai viza. Hii hutoka kwenye tope au maji yaliyotuama mahali pasipofika hewa, ambako bakteria hutoa gesi ya salfa. Na ikiwa mafuriko yamepitia kwenye vyoo vya shimo, makaro au mabomba ya maji taka, huongezeka harufu ya kinyesi na ya amonia.

Kuzitofautisha harufu hizi kuna faida. Harufu ya yai viza humwelekeza mwenye nyumba kwenye tope lililojificha, kwa mfano chini ya vigae au ndani ya mfereji. Ile ya uyoga humpeleka kwenye mbao, karatasi na nguo.

Saa 48 za kwanza

Mbegu za kuvu zimo hewani katika kila nyumba duniani, safi kwa chafu. Kinachokosekana ni maji. Yakipatikana, kuvu huanza kuota katika muda wa saa 24 hadi 48.

Mfano unaotajwa sana ni ule wa New Orleans, Marekani. Baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, maelfu ya watu walizuiwa kurejea makwao kwa wiki kadhaa, na nyumba zikabaki zimefungwa katika joto na unyevu. Wachunguzi wa afya walipozikagua nyumba 112 mwezi Oktoba, walikuta kuvu inayoonekana kwa macho katika asilimia 46 ya nyumba hizo. Katika asilimia 17 kuvu ilikuwa imetanda pakubwa.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria sabuni wala manukato, kazi ya kwanza ni kuondoa maji na kila kilichoyanyonya. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu, na usiwashwe hadi fundi awe amekagua nyaya. Maji yatolewe, na tope lisombwe likiwa bado bichi, maana likikauka hugeuka vumbi lenye vijidudu ambalo huingia mapafuni. Anayefanya kazi hiyo avae viatu vya mpira, glavu na barakoa inayobana vizuri.

Mwenye bima au mpangaji apige picha za kila kitu kabla ya kutupa chochote. Alama ya kimo cha maji ukutani nayo ni ushahidi, na isifutwe kabla ya kupigwa picha.

Kufungua madirisha au kuyafunga?

Ushauri wa kufungua madirisha hutolewa na kila jirani, na si kila mara ni sahihi.

Kadiri hewa inavyokuwa na joto ndivyo inavyoweza kubeba mvuke mwingi zaidi. Hewa ya nyuzi joto 30 za Selsiasi huweza kubeba takriban gramu 30 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ile ya nyuzi 5 haifikishi hata gramu 7.

Kutokana na hesabu hiyo, mkazi wa London, Leicester au Toronto hufaidika kwa kufungua dirisha hata wakati wa baridi, mradi chumba kipashwe joto. Hewa ya nje iingiapo huwa na mvuke mchache, nayo ikishapashwa moto huvuta maji kutoka ukutani na kutoka nayo. Anayefunga kila tundu kwa kuogopa baridi huyafungia maji ndani pamoja naye.

Katika Muscat, Dubai, Mombasa au Dar es Salaam hali yaweza kuwa kinyume. Siku za fukuto, hewa ya nje hubeba mvuke mwingi kuliko ile ya ndani, na kufungua madirisha usiku kucha ni kuialika nyumbani. Katika miji hiyo ni bora kufungua saa za mchana jua linapokuwa kali na upepo unapovuma, na kufunga jioni. Usiku itumike mashine ya kuvuta unyevu ikiwa ipo.

Feni husaidia kila mahali, ila iwekwe ikitazama nje kwenye dirisha ili isukume hewa mbichi itoke. Ikiwekwa katikati ya chumba chenye kuvu, husambaza mbegu zake hadi vyumba ambavyo maji hayakufika. Shabaha ni kuifikisha hewa ya ndani kwenye unyevu ulio chini ya asilimia 60, na ikiwezekana kati ya 30 na 50. Kipimo kidogo cha unyevu wa hewa si ghali, na hupatikana katika maduka mengi ya vifaa vya umeme.

Lipo onyo moja lisilopaswa kusahauliwa. Jiko la mkaa au jenereta lisiwashwe kamwe ndani ya nyumba kwa nia ya kukausha chumba. Vyote viwili hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo imeua familia nzima zikiwa usingizini. Pua inayonusa jiosmini kwa umahiri mkubwa haiwezi kuinusa gesi hii hata kidogo.

Kipi kitupwe, kipi kiokolewe?

Hapa ndipo penye uchungu. Vitu vingi vinavyopaswa kutupwa ni vile vilivyonunuliwa kwa jasho la miaka, na baadhi haviwezi kununuliwa tena.

Kanuni ni moja: kitu kigumu kisichonyonya maji huoshwa, na kile kinachonyonya hutegemea aina ya maji yaliyokiingia. Vyombo vya chuma, kioo, vigae na plastiki ngumu husuguliwa kwa sabuni na maji ya moto. Nguo na mashuka hufuliwa mara 2 au 3 na kuanikwa juani, kwani jua hukausha na pia huua vijidudu vingi.

Magodoro, yawe ya sponji au ya sufi, pamoja na mito, makochi na mazulia mazito yaliyoguswa na maji taka, hayana budi kutupwa. Godoro huweza kuonekana limekauka juu huku ndani likibaki bichi kwa wiki nyingi, na anayelilalia hupumua kilichomo. Mbao za vumbi lililogandishwa kwa gundi, zinazotumiwa kwenye makabati ya bei nafuu, huvimba na kuhifadhi uvundo hata zikipakwa rangi.

Samani za mbao halisi, kama vile vitanda vya mninga au masanduku ya Kizanzibari, zaweza kuokolewa. Zisafishwe, droo na milango vitolewe, kisha zikauke taratibu kivulini penye upepo. Jua kali huzipasua.

Vitabu, misahafu, vyeti na picha za familia ambazo haziwezi kukaushwa siku ile ile zitiwe katika mifuko ya plastiki na kuwekwa kwenye friza inayofanya kazi. Baridi husimamisha kuvu, na mwenyewe hupata muda wa kuzikausha moja moja baadaye.

Friji lililozimika likiwa na nyama ni suala la pekee. Huko New Orleans maelfu ya mafriji yalifungwa kwa utepe na kutolewa barabarani bila hata kufunguliwa, kwa sababu maji ya vyakula vilivyooza yalikuwa yamepenya hadi ndani ya kuta zake. Ikiwa uozo ulikuwa wa siku 2 au 3 tu, kuosha kwa maji ya moto na magadi soda na kuliacha wazi juani kwaweza kutosha. Ukizidi hapo, mara nyingi ni kazi bure.

Kuta, chumvi na chokaa

Maji hupanda ukutani kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa. Ndiyo maana mafundi wa nchi zenye kuta za bodi za jasi hukata bodi hizo kiasi cha sentimita 30 juu ya alama ya mafuriko, na kuyatoa pia manyoya ya kuzuia baridi yaliyojazwa nyuma yake. Kuacha bodi iliyolowa na kuipaka rangi mpya ni kuijengea kuvu nyumba.

Kuta za matofali ya saruji yenye matundu zina tatizo lingine. Maji huweza kukaa ndani ya matundu hayo kwa wiki kadhaa bila kuonekana. Fundi hutoboa vishimo vidogo karibu na sakafu ili yatoke na hewa iingie. Na ukuta mnene haufanyiwi haraka. Mafundi wa Uingereza wana kanuni yao ya makisio kwamba ukuta wa matofali hukauka kwa kasi ya milimita 25 za unene kwa mwezi.

Nyumba za kale za Zanzibar, Lamu na Mombasa, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, zina bahati fulani. Chokaa hupumua, yaani huruhusu mvuke kutoka. Mkosi huanza pale lipu hiyo inapobanduliwa na kuwekwa ya saruji, au ukuta unapopakwa rangi ya mafuta. Hapo maji hufungwa ndani, na uvundo hutafuta njia ya upande wa chumbani.

Kama maji yaliyoingia yalikuwa ya bahari, chumvi nayo huwa mshitakiwa. Chumvi iliyobaki ukutani huvuta mvuke kutoka hewani, na ukuta hubaki mbichi hata miezi baada ya mafuriko. Dawa yake ni kuuosha ukuta kwa maji baridi yasiyo na chumvi mapema iwezekanavyo. Baadaye, unga mweupe ukijitokeza ukutani, upanguswe kwa brashi kavu na kutupwa. Ukioshwa kwa maji wakati huo, hurudi ulikotoka.

Klorini, siki na udi

Dawa ya klorini, ambayo Waafrika Mashariki wengi huiita jiki, ndiyo hukimbiliwa kwanza. Inafaa, lakini kwa masharti.

Kwanza, haifanyi kazi juu ya uchafu. Tope huimaliza nguvu kabla haijavifikia vijidudu, hivyo mahali paoshwe kwa sabuni kwanza. Pili, hufaa kwa vitu vigumu kama vigae. Kwenye ubao au lipu huua kilicho juu, huku maji yake yakizama ndani na kuinywesha mizizi ya kuvu. Tatu, kipimo kisizidi kikombe kimoja katika kiasi cha lita 4 za maji, na madirisha yawe wazi.

La muhimu kuliko yote, klorini isichanganywe na siki, wala na dawa ya choo yenye tindikali, wala na kitu chochote chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi za sumu. Wapo waliokimbizwa hospitali kwa kudhani kwamba dawa mbili zina nguvu kuliko moja.

Siki nyeupe husaidia kwenye nyuso zenye kuvu kidogo. Magadi soda yakinyunyizwa kwenye zulia kavu na kuachwa usiku mmoja hunyonya harufu iliyosalia. Mkaa usiowashwa, ukiwekwa kwenye bakuli ndani ya kabati, hunasa gesi katika vitundu vyake vidogo mno. Lakini vyote hivi ni vya hatua ya mwisho. Haviwezi kushindana na ukuta uliolowa.

Udi na ubani vina heshima yake, na hakuna aliyekataza kuvifukiza. Hata hivyo, moshi hauiui kuvu wala haukaushi ubao. Hufanya harufu mbili badala ya moja, na kumnyima mwenye nyumba taarifa ambayo pua yake ilikuwa ikimpa. Ni hivyo hivyo kwa makopo ya manukato ya dukani. Ama mashine za ozoni zinazouzwa kwa ahadi ya kumaliza kila harufu, mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imeonya kwamba ozoni huumiza mapafu, na kwamba kwa viwango visivyo na madhara haiondoi harufu ipasavyo.

Katika nchi za Ghuba kuna jambo moja zaidi la kukagua: kiyoyozi. Kama maji au unyevu uliingia kwenye mashine au mifereji yake, kila kinapowashwa hupuliza mbegu za kuvu nyumba nzima. Kizimwe, vichujio vibadilishwe, na fundi asafishe mifereji kabla ya kukitumia tena.

Si suala la pua tu

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani. Lilihitimisha kwamba wakazi wa nyumba za aina hiyo wamo katika hatari zaidi ya kupata matatizo ya kupumua, maambukizi ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Watoto wachanga, wazee na wenye kinga dhaifu ndio huathirika mwanzo.

Uingereza ilipata funzo chungu Desemba 2020, pale mtoto wa miaka 2 alipofariki dunia huko Rochdale baada ya kuishi katika nyumba ya kupanga iliyojaa kuvu. Wazazi wake walikuwa wamelalamika mara kadhaa. Mwezi Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alithibitisha kwamba kuvu ndiyo iliyosababisha kifo hicho.

Kutokana na kisa hicho ilitungwa sheria iliyopewa jina la mtoto huyo, ambayo hatua yake ya kwanza ilianza kutumika Oktoba 27, 2025. Inawahusu wapangaji wa nyumba za jamii nchini England. Mwenye nyumba anatakiwa kushughulikia hatari ya dharura katika saa 24. Kwa unyevu na kuvu vyenye hatari kubwa, anatakiwa kuchunguza katika siku 10 za kazi tangu apate taarifa, na kuondoa hatari katika siku 5 za kazi baada ya uchunguzi huo.

Kwa wahamiaji wengi, ambao huona haya kulalamika au huogopa kufukuzwa, yafaa kujua kwamba malalamiko yapelekwe kwa maandishi na nakala ihifadhiwe. Kuambiwa kwamba kuvu imeletwa na mapishi au nguo zilizoanikwa ndani si jibu la kutosha, ikiwa ukuta umelowa kwa maji ya bomba au ya mafuriko.

Utajuaje kwamba nyumba imekauka?

Pua ya mwenyeji si shahidi wa kutegemewa, kwani huizoea harufu baada ya dakika chache. Njia nyepesi ni kukifunga chumba kwa saa 24 bila manukato yoyote, kisha kumwita mtu ambaye hakuwemo. Anachokisema anapovuka kizingiti ndicho cha kusikilizwa.

Kwa ukuta na sakafu, kipande cha plastiki angavu hubandikwa kwa utepe pande zote na kuachwa siku nzima. Vikionekana vitone vya maji chini yake, au mahali hapo pakageuka rangi, maji bado yanatoka ndani. Ubao, kwa upande wake, haufai kufunikwa wala kupakwa rangi kabla kipimo cha fundi hakijaonyesha unyevu ulio chini ya asilimia 20.

Ni baada ya majaribio hayo ndipo rangi inunuliwe, zulia jipya litandikwe, na makabati yarudishwe, tena yakiachiwa nafasi ya vidole vichache kutoka ukutani ili hewa ipite. Anayefanya haraka kwa kuwa wageni wanakuja au sikukuu imekaribia, hulipa gharama hizo mara ya pili.

Nyumba iliyokauka sawasawa haina harufu yoyote ya kusimulia. Siku hiyo ikifika, udi unaweza kurudishwa chetezoni, ukifukizwa kwa ajili ya furaha na si kwa ajili ya kuficha kitu.